Mikro Yenye Kuiba Sauti

Fabien Mwenze hakusemaka hata siku moja "sijue." Muulize njia ya kwenda Mansa, ataonyesha. Muulize juu ya nini mutoto ya jirani analia, atafasiria. Muletee radio, saa ya mukono, mashini ya kushona, ataigonga na turnevisi, ile bisibisi yake, ataweka sikio, atafunga macho sawa mutu mwenye kusikia habari ya msiba, kisha atasema: "Iko na kitu." Bien sûr iko na kitu, Tata. Kama haikuwa na kitu, tungekuletea ya nini?

Alivukaka ziwa Mweru mu mwaka 1972. Ule mwaka, ngambo, ku Zaïre, bakubwa balikuwa balisha kukataza majina ya batakatifu, kila mutu abakie na jina ya bankambo, babu zake. Batu bengine balivuka na unga, na nyavu, na bana ku mugongo. Fabien alivuka na "Fabien" yake, na turnevisi tatu, na muke yake Agnès, na valizi moja yenye mulikuwa uongo mingi kuliko nguo. Ku Nchelenge, upande ya Zambia, akasema alitumika miaka saba ku mine ya shaba, mu service ya courant, ile ya umeme. Agnès alikuwa anajua kama ile miaka saba ilikuwa ku jikoni ya mine, kugawia batu bukari, ule ugali. Akanyamaza. Muke wa heshima hamwangushe bwana yake mbele ya bageni. Anamungojea ku nyumba.

Basi batu ya Nchelenge bakamuita Injenieri, bengine kwa heshima, bengine kwa kucheka, na yeye akapokea yote sawa mushahara. Akaweka meza mbele ya nyumba yake, karibu na penye kamyo za samaki zinapakia. Upande moja wa ukuta, Agnès alikuwa anapasua samaki na kuzitia munyu. Upande ingine, Fabien alikuwa anapasua radio. Tofauti ni kwamba samaki ya Agnès zilifika zimekufa.

Tuseme ukweli, radio mingi zilipona. Radio ya Nchelenge ugonjwa yake kubwa ni mende, na mende hata mi ninaweza kutoa. Zile zenye hazikupona, Injenieri alikuwa anasema mwenye radio njo aliziua, juu alizichezea mbele ya kuzileta. Kama angezaliwa leo, angekuwa na chaneli yake, video tatu kila siku, na commentaires amezifunga.

Sasa ikuye ile ya gitare.

Ilikuwa mwaka 1976, mwezi wa nane, upepo inapiga ziwa na vumbi inaingia mpaka mu meno. Rodwell akafika pa meza siku ya Jumatano asubuhi, amebeba gitare yake sawa mutu mwenye kupeleka mutoto ku hospitali. Rodwell alikuwa kijana wa hapa hapa, wa jamaa ya bavuvi, lakini mikono yake ilikataa nyavu. Alienda ku Kitwe miaka mbili, akarudia na gitare ya umeme, nyekundu, yenye ilipita kwa mutu mwingine mbele yake. Yeye na benzake batatu balikuwa banacheza kila Jumamosi ku bar ya Ba Bwembya, kuanza saa kumi ya muchana. Ile Jumamosi moja moja njo ilikuwa inamutenga Rodwell na mutumbwi ya baba yake. Sasa Bwembya alisha kumwambia wazi: hii Jumamosi yenye kuja, kama gitare hailie, anaita bapiga muziki ya Kashikishi, na batu ya Kashikishi bakiingia, babakie mpaka Noeli. Bwembya hakuwa mutu mubaya. Alikuwa tu mutu mwenye hakupenda kuona batu bakikaa bila kucheza, juu mutu mwenye haeko anacheza haeko na kiu.

"Ba Injenieri," Rodwell alisema, "inalia, inanyamaza. Nikikunja kamba ya umeme hapa penye inaingia mu gitare, inarudia kidogo. Kisha awe, hapana, inakufa tena. Jana ilikufa kabisa."

"Petit, kijana yangu, umeme uliisomea wapi?"

"Sikuisoma, mukwai."

"Basi. Mugonjwa haonyeshake munganga penye kutafuta."

Mugonjwa mwenye anaonyesha munganga penye anaumwa, ule njo anaponaka. Lakini twende.

Gitare ya umeme haina tumbo. Ni ubao. Sauti yake inatoka ku mikro, yenye inakaa chini ya nyuzi: sumaku, na juu ya sumaku bamezungusha shaba nyembamba kuliko nywele, mara elfu na elfu. Ukipiga nyuzi, umeme kidogo kidogo inaamuka mu ile shaba, inapita mu kamba, inafika ku ampli, na batu banacheza. Gitare ya Rodwell ilikuwa na mikro mbili. Moja ya juu, karibu na shingo. Ingine ya chini, karibu na penye mukono inapiga.

Fabien akafungua gitare. Akatosha bifaa yake ya kupimia: mabwe mbili ya tochi, ni kusema betri, ampulu ndogo, na waya mbili. Hii njo kipimo ya batu bote ya Mweru. Bavuvi banapima tochi yabo nayo, batu ya baisikeli banapima taa. Unagusa waya moja huku, ingine kule. Ampulu ikiwaka, njia ni nzima. Ikikataa, kuna penye imekatika.

Ku tochi, ni kweli. Ku taa ya baisikeli, ni kweli. Lakini shaba ya mikro, ukiinyoosha, inapita kilometa moja, na ni nyembamba vile. Nguvu ya mabwe mbili ikiingia mule inachoka sawa mutu mwenye kwenda Mansa kwa miguu. Inatokea ngambo, ndiyo, lakini imelegea, haiwezi kuwasha hata ampulu ya tochi. Mikro nzima, ampulu giza. Mikro yenye kufa, ampulu giza. Ile kipimo, ku mikro, inajibu neno moja kwa kila swali, na Fabien mwenye kuipimia hakujua.

Akapima ya chini. Giza. Akapima ya juu. Giza.

"Zimekufa mbili zote," alisema.

Rodwell akashika kichwa. "Mbili? Siku moja?"

"Ni ndugu. Moja ikifa, ingine inakufa na huzuni. Kuya Ijumaa."

Siku ya Alhamisi, Fabien akaanza kufungua ile mikro ya chini, kuzungusha shaba kuitosha, mzunguko moja kisha ingine, kusudi apate penye ilikatika. Sasa muone mikono yake. Kila asubuhi, mbele ya kuwa Injenieri, alikuwa anamusaidia Agnès kutia samaki munyu, juu bila ile samaki jamaa ingekula turnevisi. Munyu inapasua vidole, vidole inakuwa sawa ngozi ya mamba, na shaba ya nywele ikipita mu ngozi ya mamba, inafanya nini? Inakatika. Ilikatika mbele ya chakula. Ilikatika nyuma ya chakula. Kila mara alikuwa anaunga mafundo, anasema, "Njo hapa ilikuwa imekufa," na kila mara palikuwa mahali pengine. Kufika jioni, pa meza palikuwa fungu ya shaba yenye kuvurugika, inang'aa vizuri sana, haina mwanzo, haina mwisho.

Bavuvi balikuwa banapita kurudia ku bwato.

"Injenieri, hii wavu ni ya samaki gani?"

"Ni ya mbu."

"Awe, hata mbu atapita. Hii ni ya kukamata pepo."

Fabien akavuta uzi ingine. Mutu mukubwa hajibuake batu ya mutumbwi.

Ijumaa asubuhi akageuza baisikeli ya Agnès, magurudumu juu, akafunga ile sumaku pa gurudumu ya nyuma, akaanza kuzungusha shaba upya. Mukono moja unazungusha, ingine unaongoza uzi, na kinywa inahesabu. Alifika mia ine na kumi na mbili, ikakatika. Akaanza tena. Alifika mia mbili. Ku mikro inatakiwa kama elfu nane. Fanya hesabu mwenyewe, mi nimechoka.

Agnès akatokea nyuma ya ukuta, munyu mpaka mu kiwiko.

"Baba Brigitte, baisikeli yangu."

Brigitte alikuwa mutoto yabo wa kwanza, na Agnès alikuwa anamuita bwana yake kwa ile jina akiwa na heshima ao akiwa na kasirani. Ile asubuhi haikuwa heshima.

"Iko kazini," Fabien alisema.

"Kazi yake ni kubeba samaki."

"Leo inabeba umeme."

"Kamyo inangojea samaki. Umeme inangojewa na nani?"

Saa ile Rodwell akafika. Alikuja kuchukua gitare yake, amebeba na bass ya mwenzake, ile gitare ya sauti nzito, ku bega, juu balikuwa bafanye mazoezi. Akaona fungu ya shaba. Akaona baisikeli. Akakaa chini, pa ndoo, polepole, sawa mutu mwenye kuogopa kuanguka.

Agnès akamuangalia, kisha akaangalia meza.

"Baba Brigitte, ile shaba uliifungua yote?"

"Yote."

"Na ukapata penye ilikatika?"

"Nilipata mahali saba."

"Saba za mbele ya kuifungua, ao saba za vidole vyako?"

Fabien akaanza kuhesabu tena, kwa sauti.

Agnès akapangusa mikono ku kitenge. Akamulomba Rodwell bass. "Hii inalia?"

"Inalia, mama. Jana jioni tuliicheza."

"Pima hii," aliambia bwana yake.

"Haina lazima. Ni nzima."

"Njo sababu nasema upime."

"Agnès, kitu nzima haipimwake. Wee unaenda ku hospitali kusema huumwe?"

Agnès hakungoja. Alikuwa amemuona akipima tochi miaka ine, alijua waya inagusa wapi. Akafungua kifuniko ya bass na kisu ya samaki, akagusa waya moja huku, ingine kule. Ampulu giza. Akabadilisha. Giza. Akagusanisha waya zenyewe kwa zenyewe, na ampulu ikawaka vizuri, mwanga safi, mabwe mupya kabisa.

"Basi na hii imekufa," alisema. "Jana jioni bass ilichezwa na mizimu."

Hakuna mutu alicheka. Bavuvi babili benye balisimama kuangalia baliangalia mchanga. Kuna kuaibika kwenye hata adui anageuza uso.

Rodwell akasimama, akachukua gitare yake, akaigeuza. Pale pembeni, penye kamba inaingia, kuna prizi ndogo na waya mbili nyuma yake, zimeungwa na risasi ya kuyeyusha. Waya moja ilikuwa imeachia. Risasi ilipasuka, na waya ilikuwa inagusa tu kidogo, sawa jino ya mutoto yenye kutaka kutoka. Ukikunja kamba, inagusa. Ukiachia, inaachia.

"Ba Injenieri," alisema, polepole, na kwa heshima yote ya Babemba, yenye inaumiza kuliko tusi, "Jumatano nilisemaka nini, mukwai?"

Fabien aliangalia ziwa. Ziwa haikumusaidia.

"Ile pia niliiona," alisema mwishoni. "Nilikuwa nimeiweka ya mwisho."

Na akarudia pa gurudumu. Mutu ule, na macho yake mwenyewe, alisha kuona ampulu giza ku bass yenye kulia, na akarudia kuzungusha. Juu akiacha kuzungusha, ni kusema kama hakukuwa na sababu ya kuanza. Ijumaa yote alizungusha. Rodwell akarudisha gitare pa meza, akaenda ku nyumba, na pa njia alikuta baba yake anarekebisha mutumbwi. Baba yake akamuonyesha kafi ya pili.

Jumamosi asubuhi, mikro ya chini haikufika elfu moja. Batu bakajaa pa meza kuliko ku soko, juu habari ya Nchelenge haihitaji radio. Saa tano, Bwembya mwenyewe akafika, na kofia yake na tumbo yake mbele.

"Ba Fabien, mwashibukeni. Batu ya Kashikishi balisha kupakia ngoma mu vanette. Saa nane niko nataka kusikia gitare, na masikio yangu. Nisiposikia, banashusha ngoma kwangu, na kutoka pale hawatapakia tena mpaka Noeli."

"Saa nane utasikia."

"Utasikilisha nini?" Rodwell aliuliza. Sasa heshima ilikuwa imepungua. "Ba Fabien, sikia. Ile mikro ya juu, hukuifungua. Ile ni nzima. Unga prizi, rudisha ile moja, nitacheza na moja. Ni nusu saa."

Ilikuwa kweli, na bote pale balijua ni kweli. Mikro ya juu ilikuwa imelala mu sahani pa meza, haijaguswa hata na inzi. Lakini Fabien alisha kuitangaza marehemu siku ya Jumatano, mbele ya batu. Kuirudisha mu gitare na ikalia, ni kusema haikufa. Na kama ile haikufa, na ile ya chini pia haikufa, isipokuwa pa mikono yake. Meza, jina, miaka ine, service ya courant, yote ilikuwa mu ile sahani.

Fabien akaangalia sahani. Akaangalia Bwembya. Saa ilikuwa inapita na Rodwell alikuwa amesimama pale, mikono wazi, mikono yenye ilikataa nyavu.

Agnès akainuka. Akaleta mbabula yenye makaa, akaweka ile chuma ya kuungia risasi katikati ya moto, akapepea mpaka ncha ikawa nyekundu. Kisha akaishika na kitambaa, akaipeleka pa mukono ya bwana yake, na akakaa amesimama pale mpaka aipokee.

Akaipokea. Akaunga ile waya ya prizi. Lazima niseme, akaiunga vizuri, mutu alikuwa na mukono muzuri akiacha kufikiri. Akarudisha mikro ya juu, akaunga na yenyewe. Pa shimo ya mikro ya chini akapigilia kipande ya bati ya sardini. Bakachukua gitare mpaka ku bar, Bwembya akawasha jenereta, Fabien akagonga ile mikro na turnevisi, na mu ampli ikasikilika: to, to, to.

Rodwell akapiga nyuzi moja. Ikalia. Ilitoka nene, ya mviringo, inajaza nyumba sawa harufu ya samaki mbichi mu mafuta.

Batu bote bakageukia Fabien. Ile njo ilikuwa nafasi yake. Neno moja tu, "nilikosa," na angekuwa mutu sawa sisi.

"Munasikia?" alisema. "Ile ya chini ilikuwa inaiba sauti ya ile ya juu. Njo maana niliitoa."

Agnès akafunga macho kidogo. Rodwell akafungua kinywa, akaangalia Bwembya mwenye alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha, akafunga kinywa. Gitare ilikuwa inalia. Mutu haulizake samaki iliingia mu wavu na mulango gani.

Ile jioni balicheza mpaka jua ikazama, na Bwembya hakuona tofauti, masikio yake inasikia tu chupa yenye kufunguka. Rodwell akalinda Jumamosi yake, ile na zenye zilifuata. Batu ya Kashikishi balifika na ngoma yabo, bakakuta mahali pamejaa, bakabakia kusimama ku ukuta na kusikiliza. Mukubwa yabo, Jairos, mupiga gitare mwenye sifa kubwa na masikio ndogo, hakutosha macho yake pa ile kipande ya bati.

Jumatatu, Jairos akafika pa meza. Alitembeza gitare yake kutoka Kashikishi, imefungwa mu blanketi.

"Ba Injenieri, mwapoleni. Niliuliza vijana ya Rodwell juu ya nini gitare yabo inalia vile. Balisema nikuye kwako. Balisema ya chini inaiba."

Vijana ya Rodwell, muelewe, balisema vile na uso safi kabisa. Kuna kisasi ya ngumi, na kuna kisasi ya Nchelenge.

Fabien akashika gitare ya Jairos. Akaipiga. Ilikuwa nzima, mikro mbili, sauti mbili, kila moja na utamu yake. Akajua. Mara ya kwanza mu maisha yake, alijua kabisa, bila ampulu, kama kitu haikuwa na ugonjwa. Angesema, "Hii yako haina mwizi." Lakini Jairos angeuliza: mwizi ya Rodwell uliijulia na nini, na hii unaijulia na nini?

"Mama Brigitte," akaita ngambo ya ukuta, "kuya usikie. Ba Jairos naye eko na mwizi."

Agnès alikuwa anapasua samaki. Hakuinua kichwa.

"Basi mukamate," alisema.

Akamukamata. Akafungua visi ine, akakata waya mbili, akatosha mikro yenye afya kuliko yeye, akaiweka mu kopo, akapigilia bati. Jairos akashukuru na mikono mbili. Nyuma yake akakuya mwingine, wa Kilwa ya ngambo ya ziwa, alivuka na mutumbwi siku moja muzima kusudi atolewe mwizi. Kisha mwalimu mwenye gitare ya shule. Kila mara Fabien alikuwa anagonga, anasikiliza, anasema kweli, eko humu, na usiku, Agnès alisema, alikuwa anageuka mu kitanda sawa samaki mu kikapo.

Mu mwezi wa kumi na mbili, mupiga gitare mugeni alipita kutoka Mansa, akaona gitare ine ku bar ya Bwembya, zote ine na kipande ya bati pa mahali pamoja. Akauliza hii ni kitu gani. Jairos akamufasiria, kwa subira, sawa mutu mwenye kufundisha mutoto kuvaa viatu: ile ya chini inaiba.

"Nani alisema?"

Bakamuonyesha Fabien, mwenye alikuwa amekaa pembeni na kikombe yake. Ule mugeni akageuka, akamungojea. Fabien akapangusa povu pa kinywa.

"Ku Ulaya," alisema, "bote balisha kuiacha."